Mavazi ya Wazee Wetu na Kazi ya Sindano

Mwenyezi Mungu amempa kondoo sufu, na ndege manyoya, na samaki magamba. Lakini mwanadamu huzaliwa uchi, naye hana budi kujitafutia mwenyewe kitu cha kumsitiri. Tumesoma katika Kitabu cha Mwanzo ya kuwa watu wa kwanza, walipojitambua kuwa wako uchi, walishona majani ya mtini wakajifanyia mavazi. Angalieni jambo hilo. Kitabu hakijataja bado mji wala soko, nacho kimekwisha kutaja kazi ya kushona. Basi kazi hii si ya jana, wala si ya watu wa nchi moja. Kila kabila la watu limepata kuijua kwa njia yake, kwa kadiri ya vitu lilivyoviona karibu nalo.

Katika somo hili nataka kuwaeleza jinsi wazee wetu wa Babati walivyojifanyia mavazi kwa mikono yao. Mji wa Babati umekaa chini ya mlima Kwaraa, karibu na ziwa lenye viboko, katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Tangu mwaka 2002 mji huu ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Una benki, na stendi ya mabasi, na maduka ya nguo za kila rangi. Wenyeji wake wa asili ni Wagorowa. Na jirani zao ni Wairaqw wa Mbulu, na Wadatoga wafugao ng'ombe, na Warangi wa Kondoa. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa Mgorowa. Alizaliwa siku za vita vile vikuu vya kwanza, Wadachi walipokuwa wakiondoka na Waingereza wakiingia, akaishi miaka mingi hata mimi nikamkuta. Mengi nitakayoyasema niliyasikia kwake, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Bibi alipokuwa mtoto, watu wengi wa nchi hii walivaa ngozi: ngozi ya mbuzi, au ya kondoo, au ya ndama. Msidhani ya kuwa mtu alimchuna mnyama na kuivaa ngozi siku ile ile. Kufanya vazi la ngozi ilikuwa kazi kubwa, nayo ilikuwa na hatua zake.

Kwanza ngozi ilichunwa kwa uangalifu ili kisu kisiitoboe; maana tundu dogo katika ngozi mbichi huwa kubwa ngozi ikikauka. Kisha iliwambwa juani kwa vijiti vilivyochongwa ncha na kupigiliwa ardhini pande zote, upande wa nyama ukielekea juu. Ilipokwisha kukauka, nyama na mafuta yaliyobaki yalikwanguliwa, na manyoya yakaondolewa. Lakini ngozi ya namna hiyo ni ngumu kama ubao. Hakuna awezaye kuikalia wala kuifunga kiunoni. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Ilipakwa samli au mafuta ya mnyama, ikasuguliwa, ikakunjwa, ikakunjuliwa, ikakanyagwa kwa miguu na kufikichwa kwa mikono, leo, na kesho, na kesho kutwa, mpaka ikalegea kama kitambaa. Bibi alisema kwamba mtu mvivu alijulikana kwa mlio wa vazi lake: alipotembea, ngozi yake ilipiga kelele kama majani makavu, na watu wakacheka.

Ngozi ikiisha kulainika ilikatwa na kushonwa. Sindano yenye tundu ilikuwa adimu siku zile. Mshonaji alitumia msharasi, yaani chuma chembamba chenye ncha kali, kilichotiwa mpini. Uzi wake ulikuwa kano za mgongo wa mnyama. Kano hizo zilikaushwa, zikachanwa nyembamba, zikasokotwa juu ya paja. Mshonaji alilowesha ncha ya kano kinywani mwake, akatoboa tundu kwa msharasi, akapitisha kano, akavuta, akatoboa tena. Kano ikikauka hukaza, na mshono wake huweza kudumu kuliko ngozi yenyewe. Ndiyo maana bibi alikuwa akisema kwamba vazi la zamani lilianza kuharibika katikati, lakini vazi la siku hizi huanza kuharibika penye mshono.

Zaidi ya kusitiri mwili, vazi lilikuwa na pambo na maana. Misafara iliyotoka pwani ilileta shanga, na nyingi katika hizo zilifanywa mbali sana, katika mji wa Venice na katika nchi ya Bohemia huko Ulaya. Wanawake wa bara walizipokea wakazitia katika ngozi zao kwa mipango waliyoibuni wenyewe. Kwa Wairaqw na Wagorowa ilikuwako desturi iliyoitwa marmo. Wasichana waliokaribia kuwa watu wazima walitiwa ndani muda wa miezi, chini ya ulinzi wa wanawake wazima, wakafundishwa adabu, na wajibu wa mwanamke katika nyumba na katika nchi. Katika muda huo walishona sketi za ngozi, wakazipamba kwa shanga mstari baada ya mstari. Siku ya kutoka walizivaa, na watu wote waliziona.

Bibi aliniambia jambo moja ambalo sikulisahau. Alisema, wanawake wa zamani waliweza kuitazama sketi ya shanga wakamtaja aliyeishona, ingawa mwenyewe hayupo. Huyu hukaza mno. Yule hupenda kuacha nafasi kidogo. Wa tatu hugeuza mstari wake kwa upande wa kushoto. Wanafunzi, ninyi mnajua kuutambua mwandiko wa rafiki yenu katika daftari hata kama hakuandika jina lake. Basi mshono nao ni mwandiko. Wazee wetu hawakuwa na kalamu wala karatasi, lakini mikono yao iliacha alama, na wenzao walijua kuzisoma.

Kwa Wadatoga mwanamke aliyeolewa huwa na sketi ya ngozi laini iliyochanwachanwa vipande vyembamba, nayo huitwa hanang'weenda. Ni vazi la heshima; aliyelivaa hujulikana mara moja kuwa ni mke wa watu, na hustahiwa. Hata leo wako wanawake wa Kidatoga wanaolivaa, nao hulitunza kwa mafuta kama vile bibi zao walivyofanya.

Wala si Babati tu palipokuwa na mafundi. Wafipa, kando ya Ziwa Tanganyika, walilima pamba, wakasokota nyuzi, wakafuma nguo nzito kwa mitambo waliyoiunda kwa miti. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigurudumu vya udongo vilivyotumiwa katika kusokota nyuzi za pamba mamia ya miaka iliyopita. Waganda walichuna gome la mti uitwao mutuba, wakaliponda kwa nyundo za mti hata likawa pana na laini kama kitambaa. Na mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi hiyo kuwa ni urithi wa wanadamu wote. Lamu na Zanzibar hushonwa kofia kwa mkono, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, na kofia moja iliyo njema huweza kumchukua mshonaji miezi. Nawatajia hayo ili mjue ya kuwa Mwafrika hakukaa akingoja kuvikwa na wageni.

Hata hivyo tusiseme kwamba mambo yote ya zamani yalikuwa mazuri. Ngozi ni nzito. Ikinyeshewa mvua hunuka, na ikikauka tena bila kupakwa mafuta hukakamaa. Haifuliwi kwa maji na sabuni kama nguo. Mtu maskini, asiye na mbuzi, alikuwa na ngozi moja tu, akailalia na kujifunika hiyo hiyo katika baridi ya Juni na Julai. Kwa sababu hizo watu walipoiona nguo ya pamba waliipenda, na hapana wa kuwalaumu.

Nguo iliyojulikana sana bara ni merikani. Jina hilo lina asili yake. Mwaka 1833 nchi ya Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Baada ya hapo merikebu zilizotoka katika mji wa Salem zikawa zikileta Zanzibar nguo za pamba, ngumu, zisizotiwa rangi, na kurudi na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopigana Marekani, tangu 1861 hata 1865, pamba ilikuwa adimu, na baadaye viwanda vya Uingereza na vya Uhindi vikachukua mahali pake. Lakini jina la merikani likabaki, ingawa nguo haikutoka tena Marekani. Nguo nyingine ilikuwa kaniki, ya rangi ya buluu iliyokolea hata ikakaribia weusi, iliyoletwa kutoka Uhindi.

Nguo hizo zilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Bibi alicheka kila alipoeleza habari hii. Alisema kwamba kila nyumba ilimtuma dukani mtu wake mwenye mkono mrefu, na kila mwenye duka alipenda kumweka mpimaji mwenye mkono mfupi.

Basi ngozi ikaanza kuachwa, na nguo ikashika mahali pake. Lakini mkono uliozoea msharasi haukukaa bure; ulishika sindano. Bibi yangu alikuwa na sindano mbili tu, kubwa na ndogo. Alizitia ndani ya kipande cha tete kilichozibwa kwa nta ya nyuki, ili zisipate kutu wala kupotea. Uzi wake mara nyingi hakuununua. Alichukua kipande cha merikani kuukuu, akakichambua uzi mmoja mmoja, akasokota nyuzi mbili pamoja juu ya paja, kama vile mama yake alivyosokota kano. Vitu vilikuwa vigeni, lakini maarifa yalikuwa yale yale.

Baadaye ikaja cherehani. Chombo hiki kilifanywa na watu kadhaa wa Ulaya na Marekani, kila mmoja akitengeneza kasoro za mwenziwe. Na mwaka 1851 Isaac Singer wa Marekani alipata hati ya cherehani yake, ambayo jina lake limeenea duniani mwote. Katika miji yetu cherehani iliwekwa barazani, mbele ya duka la nguo. Mteja alinunua kitambaa ndani, akakitoa nje kwa fundi, akapimwa, akaambiwa siku ya kurudi. Mara nyingi fundi alikuwa mwanamume. Na katika shule nyingi za misheni wasichana walifundishwa kushona kwa mkono: kupinda, kudarizi, na kutia viraka. Hivyo kazi ikagawanyika. Nguo mpya ilikwenda kwa fundi barazani, na nguo iliyochanika ilibaki nyumbani kwa mama na bibi.

Bibi hakukubali mgawanyo huo katika nyumba yake. Alitufundisha kushona wajukuu wote, wavulana na wasichana pamoja. Jirani mmoja alipomwuliza kwa nini anampa mtoto wa kiume sindano, alijibu, "Suruali yake ikichanika machungani, atamwita nani? Mbuzi?" Basi nikajifunza, na la kwanza nililojifunza ni kutia kiraka.

Kiraka kina kanuni zake, nami nitawapa kama nilivyopewa. Usitie kiraka juu ya tundu lenye nyuzi zinazoning'inia. Kwanza likate tundu lenyewe liwe na pembe nne zilizonyoka. Kikate kiraka kiwe kikubwa kuliko tundu kwa upana wa kidole kila upande. Kitazame kitambaa nyuzi zake zimekwenda wapi. Nyuzi za kiraka zifuate nyuzi za nguo, la sivyo kitajikunja baada ya kufuliwa. Kunja kingo za kiraka kwa ndani, kishikize kwa mishono mirefu ya muda, kisha kishone kwa mishono midogo iliyokaribiana. Igeuze nguo, ukunje na kingo za tundu, uzishone nazo. Mwisho fumua ile mishono ya muda. Kiraka kilichotiwa hivyo hakimwaibishi mtu, humsifu.

Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: usikate kiraka katika kitambaa kipya. Kitambaa kipya hakijapata maji. Ukikishona juu ya nguo kuukuu, siku ya kufuliwa kitajikaza, kitaivuta nguo, na tundu litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Kata kiraka katika nguo iliyofuliwa mara nyingi, umri wake ulingane na umri wa nguo unayoitengeneza. Nakumbuka Jumapili moja kanisani, mwalimu wa dini alisoma katika Injili ya Mathayo yale maneno ya Bwana Yesu juu ya kiraka kipya katika vazi kuukuu. Akaanza kueleza kwa maneno mengi, na watu wengine wakasinzia. Bibi, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, alinigusa begani akaninong'oneza, "Aliyesema maneno hayo alimwona mama yake akishona." Tangu siku ile sijapata kusikia mahubiri mafupi kuliko hayo juu ya mlango huo.

Faida ya mafundisho hayo ilionekana siku za shida. Wakati wa vita vikuu vya pili, vya mwaka 1939 hata 1945, merikebu zilikuwa na kazi ya kuchukua askari na silaha, na nguo zikawa adimu katika nchi nzima. Bibi alikuwa mama wa watoto wadogo siku zile. Alishona mashati ya watoto kwa mifuko ya nguo iliyotiwa unga wa ngano, akayapinda upindo mpana chini, ili mtoto akirefuka, upindo ukunjuliwe na shati lirefuke pamoja naye.

Shida ya pili niliiona mwenyewe nikiwa mtoto. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi yetu ilipungukiwa fedha za kigeni. Viwanda tulikuwa navyo, kama kile cha Urafiki kilichoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968, lakini vipuri na mafuta vilikuwa haba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu za maduka zilikuwa tupu; watu walijipanga mistari tangu alfajiri kwa ajili ya sabuni, na sukari, na kipande cha kitenge. Wako waliokwenda shambani wamejifunga magunia. Katika nyumba yetu bibi alitoa lile tete lake lenye nta, akaketi mlangoni penye mwanga. Shati la baba likichakaa ukosi, aliufumua ukosi, akaugeuza ndani nje, akaushona tena. Shati likapata mwaka mwingine. Shuka la kitandani likipwaya katikati, alilipasua kati kwa urefu, akaziunganisha kingo zake zilizokuwa bado nzima, na ile sehemu iliyochakaa ikawa pembeni. Kaptura yangu ya shule ilikuwa na viraka viwili nyuma, vya mviringo, vilivyolingana kama miwani. Wenzangu walinitania, lakini nilikwenda shule kila siku, na wako watoto ambao hawakwenda kwa kukosa vazi.

Sasa nawauliza, je, ni kitu gani kilichotuokoa? Si nguo, maana nguo hazikuwapo. Ni ujuzi uliokuwa katika mikono ya mwanamke mzee.

Lakini bibi huyo huyo, hodari kama alivyokuwa, alikuwa na jambo moja lililomhuzunisha. Mama yake alikuwa na sketi ya shanga aliyoishona katika marmo. Mwaka mmoja wa njaa sketi ile iliuzwa kwa msafiri, ikaenda zake. Bibi hakuwalaumu waliouza, maana watoto walikula. Kilichomwuma ni kwamba yeye hakuweza kushona nyingine. Desturi ya marmo ilikomeshwa katika siku za utawala wa Waingereza, karibu na mwaka 1930, kabla zamu yake haijafika. Alijua kulainisha ngozi. Alijua kusokota kano. Na shanga zilipatikana dukani. Lakini mpango wa mistari ile, mahali pa kuanzia, na sababu ya rangi hii kukaa karibu na rangi ile, hakufundishwa, na waliojua walikufa mmoja mmoja. Alikuwa akisema, "Ngozi ipo, na shanga zipo. Anayejua pa kuanzia ndiye hayupo."

Leo baadhi ya sketi za namna hiyo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Zimewekwa vizuri, hazipati maji wala mende. Watu wa mbali husimama mbele yake wakastaajabia uzuri wake. Ni jambo jema kwamba hazikuoza. Lakini hapana hata mmoja anayesimama pale awezaye kusema, "Huu ni mkono wa fulani." Ni kama barua iliyohifadhiwa katika sanduku la chuma, na aliyejua lugha yake amekwisha kufa. Ujuzi wa namna hii hauchukui miaka mia kupotea. Kizazi kimoja kikikosa kufundishwa, umekwisha.

Wanafunzi wangu, siku hizi nguo si shida kama zamani. Tangu katikati ya miaka ya 1980 biashara ya mitumba imeenea nchini. Siku ya soko Babati hutandikwa chini mashati na suruali zilizovaliwa kwanza na watu wa Ulaya na Marekani, na mara nyingi shati hilo huwa rahisi kuliko kununua kitambaa kipya na kumlipa fundi. Siwaambii msizivae, mimi nazivaa, na maskini wengi wamesitirika kwazo. Tena mafundi cherehani hawajakwisha. Ifikapo Januari, shule zinapofunguliwa, hukesha wakishona sare zenu. Lakini nimeona jambo linalonitia hofu. Kifungo kikikatika, shati hutupwa. Zipu ikiharibika, sketi huwa tambara. Nimewaona vijana wenye elimu kubwa wasioweza kuingiza uzi katika tundu la sindano. Nao pamba ya nchi yetu, iliyolimwa Mwanza, na Shinyanga, na Simiyu, sehemu yake kubwa huuzwa nje ikiwa haijafumwa, halafu sisi tunanunua nguo zilizofumwa na wengine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono mmoja ukifumuka leo, ukaushona leo, ni kazi ya dakika tano. Ukiuacha hata mwisho wa mwezi, unatafuta nguo nyingine. Na tabia ya kuangalia ufa mdogo na kuuziba mapema haiishii katika nguo. Aliyeizoea kwa shati lake ataizoea kwa paa la nyumba yake, na kwa shamba lake, na kwa urafiki wake na jirani.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za mwanamke wa Yafa aliyeitwa Tabitha, au Dorkasi. Hatukuambiwa ya kuwa alihubiri, wala ya kuwa alikuwa tajiri. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo alizishona alipokuwa pamoja nao. Hiyo ndiyo sifa yake, na imesomwa karibu miaka elfu mbili. Wajane wale hawakueleza kwa maneno mengi jinsi alivyowapenda, walionyesha mishono.

Basi nawapa kazi. Kila mmoja wenu anaye bibi au babu, au jirani mzee. Kabla ya mwezi huu kwisha, mwendee, umpigie magoti au umshike mkono kwa heshima, kama ilivyo desturi ya kwenu. Usimwombe hadithi tu. Chukua sindano na uzi na nguo iliyochanika, umwambie, "Nifundishe." Pengine macho yake hayaoni tena tundu la sindano, mwingizie uzi wewe, naye akuongoze mkono. Akisema fumua uanze tena, fumua, uanze tena. Vitabu vitawangoja kabatini hata mtakapovitaka, wazee hawangoji.